Nyuzi Tatu za Mzee Chola

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kiangazi kule kijijini Kasomeno ambayo kila nikiikumbuka, mkono wangu wa kulia hutafuta mahali pa kujificha. Nimetengeneza magitaa katika komine ya Kenya, yaani wilaya ya mji yenye jina hilo hapa Lubumbashi, kwa miaka mingi kuliko umri wako. Wanakwaya huniletea vyombo vyao wakisema papa huyu, yaani baba huyu, ana sikio. Ninayotaka kukueleza ni jinsi sikio hilo lilivyoniponza, na jinsi nilivyolificha kosa mpaka likazaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa kaskazini ya Katanga, na muziki nilijifunzia parokiani. Padri wa kwaya alikuwa amenipa diapazo, kile kijiuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinalia noti moja isiyobadilika. Nilitembea nacho mfukoni kama wengine wanavyotembea na saa. Mama yangu alipowaita watoto kula, nilimweleza ameita kwa noti gani. Watu walicheka. Mimi nilidhani wananistaajabia.

Siku hizo mwalimu mmoja wa chuo alikuwa akikusanya habari za vyombo vya nyuzi vya wazee kabla havijatoweka, akanichukua nimsaidie. Alinipa daftari, utepe wa fundi cherehani, na kazi tatu: nipime urefu wa kila uzi, niandike umetengenezwa kwa nini, niandike unalia noti gani. Nikapanda lori la barabara ya Kasenga, nikashuka Kasomeno, kwa Mzee Chola.

Mzee Chola alikuwa na zeze. Usifikirie gitaa, mwanangu. Lilikuwa ubao mwembamba wa urefu wa mkono, wenye vinundu vitatu vya kukandamizia nyuzi kwa vidole, na mgongoni kibuyu kikavu ambacho mpigaji hukiegemeza kifuani. Nyuzi zilikuwa tatu, za kano za mnyama, zimesokotwa, nyeusi kwa jasho la vidole. Alilirithi kwa mjomba wake, na mjomba wake kwa mjomba wake.

Siku ya kwanza alinipigia. Nikagonga diapazo na kusikiliza. Uzi wa kwanza sawa, wa pili karibu, lakini wa tatu haukuwa kwenye noti yoyote ninayoijua. Ulikuwa kati ya noti na noti, kama mtu aliyesimama mlangoni, haingii wala hatoki. Nikaandika: haukupandishwa vizuri. Basi. Hayo tu ndiyo niliyoandika juu ya sauti ya zeze lile.

Nikamwuliza huwa analipandishaje, yaani anazikazaje nyuzi mpaka zifikie sauti yake.

"Miye?" akasema. "Miye siipandishe. Uzi moja ikichoka, tunatoa ile moja tu, tunatia mupya. Ile mbili inabakia njo inamufundisha mugeni. Zote tatu hazitoke siku moja, mutoto wangu. Zikitoka zote, nani atasema?"

Niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri, neno kwa neno, hata ile "njo" yao ya kusema "ndiyo", na sikuyasikia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikuwa mpita njia mwenye kalamu.

Siku ya tatu alikwenda shambani pamoja na binti yake Mwape, msichana wa miaka kama kumi na sita. Aliniachia zeze. "Pima tu, mutoto ya mwalimu," alisema akicheka, "lakini polepole."

Utepe haukulala vizuri juu ya nyuzi zilizokazwa. Nikajiambia: nitazifungua, nizinyooshe mkekani, nipate kipimo cha uhakika. Nikafungua wa kwanza, nikafungua wa pili, nikafungua wa tatu. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Wajomba sijui wangapi walikuwa wamepokezana sauti ile bila kuiachia, na mimi niliiachia kwa sababu nilitaka namba iliyonyooka.

Nilipotaka kuzirudisha, zilikuwa zimejikunja na hazikukubali. Ningeweza kukaa nikamsubiri mwenyewe. Badala yake nikakumbuka kwamba begini nina waya za breki za baiskeli, zile tunazozifumua kuwa nyuzi za gitaa. Nikafunga waya tatu, nikatoa diapazo, nikapandisha do, mi, sol. Nikapiga. Zeze likalia safi kama kinanda cha parokia. Mwanangu, nilifurahi. Sitaki nikuonyeshe tu ile sehemu niliyoogopa. Kabla ya kuogopa nilifurahi, nikaona nimemfanyia mzee wema. Zile kano nikazitupa nyuma ya ghala la mahindi.

Mzee aliporudi aliona waya zinang'aa kabla hajaweka jembe chini.

"Nyuzi yangu iko wapi?"

"Zilikatika, Papa. Zilikuwa zimeoza. Zilikatikia mikononi mwangu."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Siku moja?"

"Siku moja, Papa."

Aliweka jembe chini. Kisha akasema, "Basi, aksanti kwa hizi," akaingia ndani kunawa.

Siku mbili baadaye ukoo ulikusanyika kumaliza matanga ya dada yake, na yeye ndiye aliyesubiriwa apige. Alipiga kidogo, akaacha. Akakaza, akalegeza, akajaribu tena. Mwishowe alilaza zeze mapajani, akaimba kwa kupiga makofi.

Bibi mmoja akamwuliza, "Chola, zeze inagonjwa?"

"Ile iko na bageni batatu," alijibu, "na hakuna mwenye kubafundisha."

Watu walicheka. Na mimi, niliyekaa kwenye kigoda cha heshima walichonipa, nilicheka nao.

Nyumbani nikakuta mahali pa sauti katika daftari pana neno lile moja tu, na mwalimu anasubiri. Nikalifuta. Nikaandika: zeze la Mzee Chola hulia do, mi, sol. Mwalimu alisifu utaratibu wangu. Ukurasa ukaenda katika maktaba ya chuo, na huko ukakaa ukijifanya kweli.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi. Niliitembea karibu maisha yote. Kila mwaka nilijiambia kiangazi hiki nitarudi Kasomeno nikaseme. Barabara ya Kasenga haikufungwa. Malori yalipita mbele ya karakana yangu, madereva wananipungia mkono. Niliposikia Mzee Chola amefariki, unajua nilihisi nini? Nilihisi nimepumzika. Nililala vizuri. Hiyo ndiyo aibu iliyolala chini ya zile nyingine.

Kiangazi kilichopita akaja karakanani binti mmoja wa mtaa wa Hewa Bora, anaitwa Masika. Baba yake ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, anauza bidhaa kwa jumla. Alikuwa amebeba zeze alilolitengeneza mwenyewe.

"Kwetu banacheka," aliniambia. "Banasema papa yako analeta lori ya maharagwe, weye unafunga kibuyu. Papa, sikia kama niliipandisha muzuri."

Akapiga. Do, mi, sol. Nikakisikia kinanda cha parokia.

"Nani alikufundisha kuipandisha hivyo?"

"Daftari." Akafungua simu, akanionyesha picha ya ukurasa iliyopigwa katika maktaba ya chuo. "Tuko batano, shiye bote tunaifuata. Ni sauti ya muzee moja wa Kasomeno. Mwenye kuandika hana jina, lakini eko na mwandiko muzuri."

Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa na bisibisi mkononi, nikaiweka mezani. Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Nilikuwa mzoefu wa kunyamaza. Lakini alikuwa ananitazama kwa furaha ile ile niliyokuwa nayo siku ya waya, na sikuweza kuiacha imponze kama ilivyoniponza. Nikamweleza yote.

Akauliza, "Sasa tunapiga zeze ya nani?"

"Yangu," nikamjibu. "Na mimi sikuwahi kuwa na zeze."

Sikumwona akikasirika. Alifunga chombo chake kwenye kitenge. "Twende Kasomeno, Papa," alisema. "Weye utatangulia kusema."

Mwape tulimkuta bibi mwenye wajukuu. Nilianza kujieleza nikiwa bado nimesimama, naye akanikatiza. "Weye njo mutoto ya mwalimu." Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kano tatu nyeusi, zimekunjwa vizuri, nzima kutoka fundo hadi fundo.

"Papa alizikuta nyuma ya ghala," akasema. "Ile siku ileile. Hazikukatika."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mama alitaka akuite mbele ya batu. Papa alikatala. Alisema: muache, ni mugeni, atarudia huku yeye mwenyewe. Eko na daftari. Aliandika sauti siku ya kwanza, njo itafundisha hizi. Akirudia tutazifunga pamoja." Akafunika kopo. "Kila lori ikisimama pale barabarani, aliuliza ni nani anashuka."

Mwanangu, yule mzee alijua uongo wangu kabla sijamaliza kuusema, na bado aliliamini daftari langu. Daftari ambalo kwenye sauti ya mjomba wake liliandika kwamba haikupandishwa vizuri. Nimesikia maisha yangu yote: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni nilikuja, na mwenyeji hakupona.

Niliomba radhi. Mwape alisema, "Umuombe Papa," akatuletea viti. Kisha akaanza kuimba polepole wimbo wa baba yake, naye Masika akawa anakaza na kulegeza nyuzi za zeze lake kwa kuifuata sauti ile. Uzi wa kwanza tuliupata. Wa pili ulituchukua muda mrefu, tukaupata. Wa tatu tulikwenda nao juu, tukarudi nao chini. "Hapana," Mwape alikuwa anasema kila mara, "iko karibu, lakini haiko yeye." Kivuli cha nyumba kilitufikia miguuni, ndipo Masika akaufungua uzi wa tatu na kuacha mahali pake pakiwa wazi.

Hadi leo wale watano wa Hewa Bora wanapiga nyuzi mbili. Mtu akiwauliza, wanaeleza kwa nini. Nilikwenda pia katika maktaba ya chuo, wakaniruhusu kubandika karatasi juu ya ukurasa ule. Nimeandika jina langu, nikaandika kwamba noti zile ni zangu, si za Mzee Chola, na kwamba uzi wa tatu haujulikani kwa kosa langu. Mwandiko sasa unatetemeka, lakini unasomeka.

Basi sikia, mwanangu. Ukikuta kitu cha wazee hakilingani na kipimo chako, kwanza kitilie shaka kipimo. Usifungue nyuzi zote siku moja. Chochote ulichopewa na waliokutangulia, badili kimoja, uache viwili vimfundishe mgeni. Andika ulichokisikia, hata kama hukukielewa. Mahali usipojua, acha wazi, kwa maana nafasi tupu mwingine anaweza kuijaza, lakini uongo ulioandikwa vizuri hukaa na kuzaa watoto. Na ukikosa, rudi upesi. Usimsubiri uliyemkosea afe ili upumzike. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ila aliyejikwaa ulimi bado ana miguu ya kurudia.

Mungu akupe sikio lisilo na haraka ya kuhukumu, na mkono unaojua kusubiri mwenyewe arudi kutoka shambani. Na siku utakayokosa, kwa maana utakosa, akupandishe kwenye lori la kwanza, ufike wakati mwenyeji wako angali anaitazama barabara.