Tulivyowapeleka Wasichana Tunduma Kucheza Chesi

Waliokuwepo ni hawa, nawataja kabla sijaanza ili mtu asije akasema niliota. Nilikuwepo mimi, Bibi Nakanyika wa Ndalambo, mjane wa marehemu Sichalwe aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa. Alikuwepo Subira, mtoto wa mwanangu Yohana, yuko kidato cha pili. Eda, binti wa katekista wetu. Mama yake na mimi tunachota maji kisima kimoja. Mwalimu Simkoko wa michezo, mtu wa Mbozi, mpole kupita kiasi, na kosa lake ni hilo tu. Huko Tunduma alikuwepo Vaileti, binti wa mdogo wangu, na mumewe Lazaro. Na Mama Fredi mpishi, ambaye si ndugu yangu kwa damu, ila tangu siku ile ni ndugu. Wengine nitawataja nikiwafikia, maana wapo wasiostahili kutangulizwa.

Sababu ya kuondoka ilikuwa hii. Habari zilikuja kwamba Tunduma kuna siku ya kuwahamasisha wasichana wacheze chesi. Chesi, kwa mlio nyumbani na hamjaiona, ni drafti iliyokwenda shule: ubao ni ule ule wa mirabaraba, ila kete zina vichwa na vyeo. Shuleni kwetu ipo siku nyingi, na tusiseme uongo, wasichana walishirikishwa tangu mwanzo. Wao ndio waliokuwa wakipanga kete wavulana wakija, na kuzikusanya wavulana wakiondoka. Subira amepanga kete mwaka mzima. Ikatokea mvulana mmoja akaugua malaria, Mwalimu Simkoko akakosa wa kukaa upande wa pili, akamwambia Subira akae tu kuziba pengo. Yule mziba pengo akamfunga nahodha.

Sasa sharti la Tunduma lilikuwa wasichana wasisafiri bila mama wa kuwasindikiza. Sharti zuri. Lakini akina mama wa Ndalambo wana waume, na waume wa Ndalambo siku ile wote walikumbuka kwamba wanawapenda wake zao na hawawezi kukaa bila wao. Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba mpaka akanifikia mimi. Mjane haombi ruhusa.

Aliyeleta maneno ni mwanangu Yohana. Alikuja jioni, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kutaifisha.

“Mama, wasichana watakaochaguliwa kwenda Vwawa kwenye mashindano ya mkoa ni wawili tu. Subira akichaguliwa, sitasema kitu. Asipochaguliwa, ubao huo asiuguse tena. Jioni kuna maji na kuna mbuzi.”

Nikamuuliza kama Aidani, kaka yake Subira, naye jioni ana maji na mbuzi. Akasema Aidani ana mpira. Nikamwambia sawa, nimesikia. Na Subira alikuwa nyuma ya nyumba anaosha vyombo, naye alisikia.

Asubuhi tuliondoka na Fuso ya maharage ya Mbukwa, ambaye baba yake alichimba kaburi la mume wangu na hakutaka hata shukrani. Mwalimu Simkoko alipanda nyuma juu ya magunia, sisi wanawake tukakaa mbele na Mbukwa mwenyewe, maana ndiye dereva. Wavulana wa chesi walipokwenda kwenye mchujo wao walipewa fulana zenye majina mgongoni. Wasichana wetu walivaa sketi za kwaya. Upepo wa kwetu Momba asubuhi mnaujua, unaingia hata penye kioo kizima.

Njiani niliona nisiwe mzigo, nikawaomba wanifundishe huo mchezo. Eda akanieleza kwamba mwenye nguvu kuliko wote ubaoni ni malkia. Anakwenda mbele, nyuma, pembeni na mshazari, anakotaka.

“Na mfalme?”

“Mfalme anakwenda nyumba moja moja, bibi. Kazi yake kubwa ni kukaa pale alindwe. Wote wanakufa kwa ajili yake.”

Nikamwambia huyo namfahamu, nimepika naye chungu kimoja miaka mingi, Mungu amrehemu. Mbukwa alicheka mpaka akaingiza gurudumu kwenye shimo, na Mwalimu Simkoko huko juu akapiga kelele kwamba kuna gunia limeanguka. Halikuwa gunia, lilikuwa begi lake. Zaidi ya hapo sikujifunza kitu. Farasi wao anaruka kwa namna ambayo farasi mwenyewe angeona haya.

Tunduma tuliikuta kama kawaida yake. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, yanasubiri karatasi, na vijana wa kwacha, pesa ya Zambia, wanamkimbilia kila mama anayeshuka: “Mayo, tubadilishe?” Kilichonishika jicho ni madereva. Kila lori limetulia, na pembeni ya tairi dereva amechutama anasonga ugali, mwingine anakatakata nyanya, mwingine anaonja mboga kwa kiganja kama mama mkwe. Nikawaonyesha wasichana. Nikawaambia, tazameni, kumbe mikono wanayo. Ila inafanya kazi wakishavuka kilomita mia kutoka kwa wake zao.

Tulilala kwa Vaileti. Yeye hupeleka vitenge na sabuni Nakonde, ng’ambo ya mpaka, na kurudi na vitu vya kule, ana ndugu wa mume pande zote mbili za mpaka, hata salamu zake nusu ni za kwetu nusu ni za Wabemba. Lazaro, mkwe wangu, ni wakala wa forodha. Ana adabu sana, hakukaa kiti cha karibu nami, alikaa kule mlangoni na kutoka kule akatoa maoni yake. Alisema chesi ni mchezo mzito, unahitaji utulivu wa kichwa, na msichana ana mambo mengi kichwani.

Vaileti alikuwa anamkaangia samaki, anamnyonyesha mtoto na anajibu simu ya mteja wa Nakonde, vyote kwa pamoja.

“Ni kweli, mama mkubwa,” akasema. “Baba Joshua kichwani mwake pametulia kabisa. Ukigonga panaitika.”

Lazaro akaomba samaki wake.

Siku ya tamasha tulifika ukumbini mapema. Juu ya mlango walitundika kitambaa kikubwa kimeandikwa MSICHANA, CHESI NI YAKO. Chini ya maandishi waliweka picha ya mvulana, ameshika kidevu, anafikiri. Nilimuuliza mratibu wa shughuli, Bwana Elia Mwampashi, kama yule kijana ni msichana wa wapi. Akasema picha ya msichana ilichelewa.

Bwana Mwampashi ana sauti nzuri na viatu vilivyochongoka. Alipoona wasichana wamefika, wawili wetu na wawili wa Tunduma, Glori na Anitha, alipiga makofi akafurahi. Wasaidizi wa jikoni walikuwa hawajafika. “Mabinti, hebu mtusaidie kidogo tu huko nyuma, mgeni rasmi asije akakuta mambo bado.” Mabinti wakasema ndiyo. Hilo ndilo neno tunalowafundisha kabla ya baba na mama.

Jikoni tulimkuta Mama Fredi, mama lishe wa stendi, amebaki peke yake na masufuria makubwa. Wasichana wakamenya viazi, wakachambua mchele, wakakuna nazi. Nilichungulia ukumbini. Wavulana wa Tunduma, waliokwishachaguliwa zamani na siku ile walikuja, kama alivyosema Bwana Mwampashi, kuwatia moyo dada zao, walikuwa wamekalia mbao zote wanacheza. Wanatiwa moyo vizuri sana watoto wetu.

Saa sita mgeni rasmi akafika. Wasichana wakaitwa wafute mikono, waje waimbe. Wakaimba. Wakapiga magoti wakampa maua, wakarudi kwenye viazi. Mgeni alihutubia. Ni mtu mnene mwenye huruma, sisemi ni mbaya. Alisema msichana akicheza chesi atajifunza kupanga mambo, akijua kupanga mambo ataolewa mahali pazuri. Watu wakapiga makofi. Akaongeza mengine, halafu akakumbuka mengine aliyosahau katika yale mengine.

Alipokaa, Bwana Mwampashi akashika kipaza sauti. Alisema muda umetutupa mkono, michezo ya wasichana haitawezekana. Lakini tusihuzunike, zile nafasi mbili za wasichana za Vwawa zitajazwa na vijana wawili wa akiba, ili zisipotee bure.

Jikoni kulikuwa na dirisha, kila neno liliingia. Glori alisema kitu ambacho siandiki. Subira alikuwa na kiazi mkononi, akaendelea kukimenya, akamenya maganda, akamenya na kiazi chenyewe, mpaka kikabaki kama goroli. Na mimi nilimwona Yohana mlangoni kwangu, na maji, na mbuzi.

Nikamgeukia mpishi.

“Mama Fredi, chakula kimeiva?”

“Kimeiva, mama.”

“Hakijaiva.”

Akanitazama. Akawatazama wale wasichana wanne. Akachukua mfuniko wa wali, akaufunika, akaweka jiwe juu, akakalia kigoda mbele ya sufuria.

“Kweli, mama. Hakijaiva.”

Bwana Mwampashi alikuja mwenyewe. Alianza kwa shikamoo, nikaitika marahaba. Akasema mgeni ana ratiba ngumu, wageni wana njaa, harufu imefika mpaka meza kuu. Nilimjibu bila kupandisha sauti:

“Mwanangu, wali utaiva wasichana wakimaliza kucheza.”

“Bibi, hayo mambo hayaendi hivyo.”

“Basi ingia upakue.”

Aliliangalia lile jiwe, akamwangalia Mama Fredi, ambaye alikuwa ameshika mwiko wa kusongea ugali wa msiba. Akamwita Mwalimu Simkoko aje aseme na mtu wake. Mwalimu akaja, akasimama. Nilidhani atatusihi. Akageuka, akaenda ukumbini, tukamsikia anawaambia wavulana, “Ondokeni hapo.” Hakusema tafadhali. Katika maisha yake nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

Mgeni rasmi aliambiwa kinachoendelea. Akasema basi wacheze, ila haraka.

Hapo ndipo walipokosea, maana chesi haina haraka, na saa zao za mezani, za kumbana anayefikiri sana, zilikuwa hazina betri. Eda alicheza na Anitha. Alifungwa upesi, akacheka, akasema alimsahau farasi. Subira akabaki na Glori, na atakayeshinda ndiye angekwenda Vwawa na Anitha. Wanaume wote walihama kutoka kwenye viti vyao wakauzunguka ule ubao, wamefunga mikono juu ya matumbo matupu.

Wale watoto walicheza! Kwanza Subira aliogopa, anasogeza kete na kuvuta mkono kama anayegusa sufuria ya moto. Kisha akaona kwamba akitulia, wote wanatulia. Akishika shavu, hakuna anayekohoa. Wanaume wazima, wenye magari, wanamsubiri yeye aamue. Nilimwona alipoligundua jambo hilo. Aliketi vizuri, akanyoosha mgongo, akafikiri kwa raha yake kama mtu anayekula muwa. Glori naye akaonja, naye akafikiri. Mtu mmoja nyuma akauliza kama wamelala.

Mgeni rasmi njaa ilimshinda. Akainama akanyoosha kidole. “Binti, si umle tu huyo askari, tumalize?”

Subira aliinuka, akakunja magoti kidogo kama alivyolelewa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Sheria inasema mtazamaji asiseme.”

Akakaa. Ukumbi ukawa kama kanisani wakati wa sala ya kimya, ila tumbo la mtu likanguruma. Mgeni rasmi alirudisha kidole chake mfukoni. Namsifu kwa hili: hakukasirika. Alivuta kiti akakaa karibu, mdomo amefunga, na kila kete iliposogezwa akawa anatikisa kichwa kama aliyeelewa.

Yule askari hakuliwa. Angeliwa, Mwalimu alinieleza baadaye, Subira angepoteza malkia. Alimwacha, akapitisha mnara wake pembeni, Glori akamwangalia mfalme wake kila upande, akaona hana nyumba ya kukimbilia. Akamlaza chini, ndiyo kukubali kwamba amefungwa. Wakapeana mikono. Glori akamwambia, “Vwawa ukifungwa nitakuja kukupiga.” Kisha wakaenda wote wanne kuosha mikono, Mama Fredi akaondoa jiwe, na wasichana wakapakuliwa kwanza.

Tulirudi na Fuso ile ile, sasa imebeba sabuni na mabati. Subira na Eda walirudia mchezo wote kwa midomo, hatua kwa hatua, mpaka Mbukwa akasema anaumwa kichwa.

Nyumbani Yohana alikuwa amekaa uani. Nikamwambia kwamba Subira amechaguliwa. Akauliza alimfunga mtoto wa nani. Nikamwambia Glori, binti wa Sikazwe. Mnamkumbuka Sikazwe, walisoma pamoja hapa Ndalambo, akawa anamshinda Yohana hesabu, mbio na hata kuimba. Yohana akaomba nimsimulie tena. Nikamsimulia. Akaomba tena. Jumapili nje ya kanisa nilimsikia anawaambia wenzake kwamba akili ile Subira kairithi kwa baba. Mimi ndiye niliyemzaa, najua alikuwa na nini cha kurithisha, lakini nilinyamaza, kwa sababu maji ya jioni siku hizo alikuwa anateka Aidani.

Nilichojifunza ni kidogo. Anayetaka wasichana wapende chesi asijisumbue na kitambaa wala hotuba. Awaweke mezani kabla ya wengine, awaache wafikiri mpaka watosheke, na chakula apike mwingine. Utamu wake watauona wenyewe. Wasichana wa shule yetu siku hizi wanapigania nafasi ya kukaa, na kete anazikusanya aliyefungwa, awe wa kike au wa kiume.

Hivyo ndivyo nilivyoona na ninavyokumbuka. Huenda yule binti wa pili wa Tunduma si Anitha bali ni Anisia, na huenda Mama Fredi wa stendi ana Fredi wawili. Mliokuwepo mkiona nimekosea, nisahihisheni, sitanuna. Ila asije mtu kunisahihisha kuhusu wali, kwamba haukupoa. Ulipoa, na waliula.