Mwisho Nilioutunga Mimi

Mimi ndiye niliyekuwa na Kifaransa. Sijisifu, nilikipata kwa masista hadi mwaka wa nne wa sekondari, karo ikakosekana, nikatolewa. Lakini penye vipofu chongo ni mfalme, na pale Katoyi, mtaa wa Goma, tulipokuwa tukisuka nywele, chini ya mabati yaliyoegemezwa ukuta wa jirani, chongo nilikuwa mimi. Wenzangu walisuka, mimi nilisoma. Wateja wakipungua, kama saa tisa hivi, nafungua katuni ya mapenzi kwenye simu, navuta picha kwa kidole kutoka juu kwenda chini, na kila wanachosema watu wa kwenye picha nakigeuza Kiswahili kwa sauti.

Wasikilizaji wangu walikuwa watatu. Wa kwanza mama mwenye banda, mnene, mwenye mkono mwepesi wa rasta na mdomo mwepesi kuliko mkono. Wa pili muuza makala, yaani mkaa, ambaye hakuwa na nywele za kusuka wala sababu ya kuja, ila alikuja kila siku. Wa tatu mdogo wangu. Huyo aliacha shule darasa la tano, mama yetu alipougua, ili mmoja wetu akae na mgonjwa na mwingine aendelee kusoma. Mwenye kuendelea nilikuwa mimi. Kwa hiyo hata hicho Kifaransa changu, nusu ni chake, na sikuwahi kumrudishia.

Chini ya kila sehemu ya katuni wasomaji huandika maoni yao. Watu wa Abidjan, wa Paris, wa Douala: huyu anapendeza, yule ananikera, nimelia mpaka mto umelowa. Sisi hatukusoma hivyo. Sisi tuliketi kikao. Mwanaume akitokea kwenye katuni, tulimpokea kama mposaji anavyopokewa kwetu Wanande: mmoja anasimama upande wa binti, mwingine upande wa bwana, na maswali yanaanza.

Katuni ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya msichana wa duka la mikate na kijana wa ukoo wenye hoteli. Siku kijana alipoingia dukani mara ya kwanza, na koti lake refu na uso usiocheka, mama mwenye banda alisimamisha kitana.

"Uyu aliko na sura ya baridi. Kwao iko mbuzi?"

"Mama, kwao iko hoteli muzima," akasema muuza makala, aliyekuwa upande wa bwana. "Mbuzi ya nini tena?"

"Hoteli haizalake. Mbuzi inazala."

Niliandika maneno hayo kwa Kifaransa chini ya sehemu ile, na watu wa mbali wakayawekea mioyo mpaka tukaona haya. Baadaye akatokea mwanaume wa pili, daktari wa mifugo, jirani wa msichana, mpole, mwenye kumletea mwavuli. Hapo banda liligawanyika. Mama mwenye banda alimtaka daktari: wa kwanza ni wa kupenda, wa pili ni wa kuolewa naye, alisema, na mwenye akili haolewi na koti. Muuza makala alimtaka wa hoteli. Mdogo wangu hakushika upande, lakini kila nilipogeuza simu waone picha, nilimwona anamtafuta yule wa hoteli.

Ni kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameposwa na mwanaume, kisha mwanaume akaondoka. Mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Butembo, mrefu, mwenye kukohoa kabla ya kusema. Ukoo wake ulikuwa umeleta mbuzi wa kwanza wa mahari kwa baba yetu mdogo, nao wakapokewa. Akaenda kwao kutafuta mbuzi waliobaki. Akiwa huko, vita vikaingia mjini kwetu, barabara ya kaskazini ikafungwa, yeye akabaki upande ule na sisi upande huu. Mdogo wangu hakuwa na simu. Mwalimu alipiga kwenye yangu. Alipiga mara tatu. Kisha hakupiga tena. Mwezi ukapita, ikapita mingine, na namba yake kila tukiijaribu mwanamke wa mashine anatujibu kwamba haipatikani.

Katikati ya kimya hicho akaja muuza samaki, akamposa mdogo wangu. Mjane, mtu mzima lakini si mzee, aliyekuwa akileta samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi kabla njia hazijaharibika, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuja kwa heshima. Hakuna ubaya ninaoweza kumsema hata leo. Baba mdogo alimwita mdogo wangu, akamwambia aamue: akimngoja mwalimu, amngoje, akimtaka huyu, mbuzi wa watu warudishwe kwa mjomba wa mwalimu aliyeko hapa Goma. Huwezi kula mbuzi wa nyumba mbili.

Mama mwenye banda alikuwa na jibu lake tayari. "Fimbo ya mbali haiue nyoka," alimwambia. Mdogo wangu akajibu kwamba angengoja aone. Kuona nini, hakusema. Mimi nilijua. Alikuwa akingoja kuona kama kijana wa hoteli angerudi, maana naye kwenye katuni alikuwa amepelekwa ng'ambo na babu yake, na sehemu baada ya sehemu duka la mikate lilifunguliwa na kufungwa bila habari zake.

Mtaniuliza ni mtu mzima gani anaamua ndoa kwa katuni. Nami nauliza: tulikuwa na nini kingine? Redio ilisema hivi asubuhi na vile jioni. Padri alisema tusali. Kitu pekee kilichokuwa kikiendelea mbele, kila Jumatano bila kukosa, kikiwa na sehemu inayofuata, kilikuwa ile katuni.

Bandani tulikuwa nyuma ya sehemu chache zilizokwisha kutoka, nami nikaisoma mbele peke yangu, bila wao. Ilikuwa inakaribia kuisha. Kijana alikuwa ameandika barua miaka yote; bibi wa msichana alizificha kabatini. Na sehemu ya mwisho kijana alirudi, akasimama mlangoni pa duka la mikate, amekonda, na msichana akaangusha trei. Nilikaa na simu mapajani. Sikulia kama wale wa Abidjan. Nilihesabu. Mwalimu akirudi, atamchukua mdogo wangu mpaka Butembo, na mimi sina mama, sina bwana, sina mtoto. Muuza samaki yuko mtaa wa pili. Nilijiambia namwonea mdogo wangu huruma, kwamba mwalimu amekufa au ameoa, kwamba kungoja kunamla. Mengine yalikuwa kweli. Lakini woga ndio uliokuwa mbele, huruma ilifuata nyuma imebeba mizigo.

Kesho yake nikasoma. Sikuwasomea barua. Nikasema kijana ameoa huko ng'ambo, binti wa wenye hoteli nyingine. Nikasema betri inakwisha, nikapunguza mwanga, sikuwaonyesha picha, isipokuwa moja. Katikati ya katuni msichana aliwahi kuota ndoto, amevaa shela, pembeni yake yule daktari wa mifugo. Sehemu ile niliiruka wakati wake kwa sababu mteja aliingia. Nikaitafuta, nikageuza simu, nikasema: ndiyo mwisho, ameolewa na daktari.

Mama mwenye banda alipiga vigelegele. Muuza makala alitukana ukoo mzima wa hoteli. Mdogo wangu aliendelea kusuka mpaka akamaliza kichwa cha mteja, akanawa mikono.

Siku mbili baadaye alinikuta nasonga ugali.

"Yaya," akasema, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa, "ulisoma na macho yako? Kweli hakurudiaka?"

Mwiko ulikuwa mkononi. Ningeweza kusema. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, hapakuwa na pengine.

"Hakurudi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kwa baba mdogo. Jumamosi mbuzi waliswagwa mpaka kwa mjomba wa mwalimu. Hawakutaka kwenda, mmoja alilala katikati ya barabara, kwenye mawe ya volkano, na watoto wakacheka. Mjomba aliwapokea, akawafunga uani. Ndoa ikafungwa parokiani kabla ya Kwaresima, nami nilimsuka bibi harusi kwa mikono yangu hii.

Wiki mbili baada ya ndoa, mwalimu alikuja.

Alikuwa amezunguka kwa Uganda, akaingia kwa mpaka wa Bunagana. Sikumtambua mpaka alipokohoa. Alisema walimnyang'anya simu njiani, na namba yangu ilikuwa humo tu, hakuiandika popote, mwalimu mzima. Alikuwa ameshapita kwa mjomba wake, kwa hiyo alijua. Hakuja kugombana. Alitaka kuuliza kitu kimoja: je, mdogo wangu alimngojea?

Nikamwambia alichoka.

Akakubali kwa kichwa, kama alivyofanya mdogo wangu. Akanywa maji niliyompa. Kisha akasema: "Musimwambie nilikuya. Aliko na bwana yake sasa, musimuharibie nyumba." Nami, Mungu anisamehe, nilimshukuru moyoni. Alinipa mlango wa kutokea, nikatoka mbio. Aliondoka siku ileile na sijui yuko wapi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho kwenye televisheni ya muuza makala. Kumbe ile katuni ilikuwa imetengenezwa filamu, na kijana mmoja wa Birere anayejaza filamu kwenye vifaa vya watu alikuwa nayo yote, imetiwa Kifaransa. Tukaalikwa Jumapili baada ya misa, wote, mdogo wangu pia, na tumbo lake la miezi mitano. Nilifasiri nusu nusu. Lakini picha hazihitaji mfasiri. Bibi akafungua kabati, barua zikamwagika. Mlango wa duka ukafunguliwa, kijana akasimama, trei ikaanguka.

"Eh!" Mama mwenye banda alisimama. "Filme imeharibu! Si alioaka kule?"

"Banabadilishaka kila siku," akasema muuza makala, ingawa machozi yalimtoka kwa furaha. "Ya katuni ndiyo ya kweli. Yaya alisoma."

Wakanigeukia nithibitishe. Nikasema ndiyo, filamu imeharibu. Wakabishana nusu saa: filamu hupenda kumaliza kwa furaha, mtengeneza filamu haheshimu aliyeandika, uso wa daktari wa mifugo haukufaa hata kidogo. Mdogo wangu alikuwa akiitazama skrini iliyokwisha kuwa nyeusi.

Baada ya hapo akaacha kuja bandani. Nikasikia bwana wake amemnunulia simu. Nikasikia anakwenda parokiani mchana, darasa la watu wazima, anajifunza kusoma Kifaransa. Nilipomwuliza kwa nini, akasema anataka tu kujua. Akaanza kunipigia kuuliza maneno. Tanuri. Gati. Mizigo. Nilijua kila neno limetoka sehemu gani ya katuni. Nilikuwa nikimfasiria huku nikihesabu sehemu zilizobaki, maana alikuwa akisogea, neno kwa neno, na hakuna nilichoweza kufanya ila kumsaidia. Mara mbili nilivaa viatu niende nimwambie kabla hajafika. Mara mbili nilivivua.

Kisha simu zikaacha.

Alikuja Jumanne, mtoto mgongoni. Akaketi, akamshusha mtoto, akampa titi. Nilikuwa nimekaa chini nikichambua sombe, majani ya muhogo.

"Nimeisoma yote," akasema. "Filme haikuharibu kitu."

Akampapasa mtoto kichwa.

"Sikukuya kugombana. Mutoto aliko, bwana aliko muzuri." Akamtoa mtoto upande mmoja akamweka mwingine. "Ninauliza tu. Wangu, yeye hakurudiaka?"

Kutoka ndani mpaka nje hapakuwa na mtu wa kuniokoa.

"Alikuya," nikasema. "Semaine mbili nyuma ya ndoa yako. Alizungukaka Uganda. Alikaa pale unakaa."

Alitazama kiti chini yake, kisha mtoto, kisha akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Ulimupa chakula?"

Nikamwambia nilimpa maji.