Titi Zito, Picha Nyeupe

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi Shinyanga nikiwa na maswali mengi kuliko majibu. Wafumu, waganga wetu wanaopasua kuku na kusoma mwilini mwake, nilikuwa nimewakataa kitambo. Wawili wakitazama kuku mmoja, huyu anaona mchawi, yule anaona mzimu mwenye njaa. Huo si ujuzi, nilisema, ni macho tu.

Kisha mama yangu, niliyemwita Mayu kwa Kisukuma chetu, akanionyesha uvimbe kwenye titi la kushoto. Tukapanda treni hadi Mwanza, kwenye hospitali iliyoweza kupiga picha ya titi.

Picha ilipokwisha kupigwa umeme ulikatika, hivyo daktari wa picha akaiinua filamu dirishani.

"Titi zito hili, nyama yake imeshonana. Nyeupe tupu. Kama kuna kitu, kimejificha humo humo."

Mayu alisikia neno moja tu. Akapiga vigelegele. Kwetu shanga nyeupe ni baraka, na kuku akionekana mweupe ndani, mgonjwa amepona.

"Mayu, kwao nyeupe ni ukungu. Haoni kitu."

"Wewe hata nikipona utabisha."

Nikaipeleka picha kwa daktari wa pili, ng'ambo ya ukumbi.

"Zito wapi?" akasema. "Titi la kawaida kwa umri wake. Na kitu hiki hapa ni kibaya. Likatwe."

Alasiri nikarudi kwa yule wa kwanza, nikampa picha ile ile bila kumwambia ni ya nani.

"La wastani," akasema. "Si zito sana."

"Asubuhi ulisema zito."

Akaigeuza, akaitazama tena. "Mwanga umebadilika."

"Kwani uzito huo mnaupima kwa kutumia nini, daktari?"

"Kwa macho, dada. Ulitaka tuweke kwenye mizani ya pamba?"

Mayu, aliyekuwa kwenye benchi nje ya mlango, alicheka hadi akashika ubavu. "Kumbe na hawa wanapasua kuku! Haya, soma wewe. Nilikusomesha kwa nini?"

Nikaiinua. Niliona weupe, na ndani yake weupe mwingine, na kila nilipopepesa macho mpaka kati yao ulihama.

"Sijui, Mayu. Lakini uvimbe unaugusa kwa mkono wako mwenyewe. Kubali likatwe. Nakuomba."

Akaacha kucheka. "Wafumu uliwakataa kwa kuwa hawapatani. Leo unataka nikatwe na hawa, ambao mmoja hapatani hata na nafsi yake?"

Akaichukua picha yake, na usiku huo tukapanda treni kurudi Shinyanga, hajakatwa.

Kabla ya mavuno ya pamba titi lilipasuka lenyewe. Nyumba nzima ilinuka. Majirani walipokuja kumjulia hali, Mayu alinituma niilete ile picha, nami niliileta, nikaishika dirishani.

"Tazameni," aliwaambia. "Nyeupe."