Sauti ya Kuuzia Injini

Wanunuzi wa Lagos hawanunui injini kwa macho. Picha hawana haja nazo, maana wanajua kila yadi ya injini kuukuu ya Ras Al Khor, hapa Dubai, huosha injini kwa dizeli mpaka ing'ae, kisha huipasha moto kabla ya kuirekodi. Injini ikishapata moto huficha ugonjwa wake. Wao wanataka mtu wao aiwashe asubuhi ikiwa baridi, aweke simu karibu, asikilize, halafu aseme. Akisema nzuri, pesa inatumwa. Akisema mbovu, hawaulizi mara ya pili.

Kwenye yadi yetu mtu huyo alikuwa Mnigeria mmoja mrefu mwenye sauti nene ya kuombea watu kanisani, na kweli Jumapili alikuwa akiwaombea. Mimi nilikaa ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, nikipokea simu za wateja wa Mombasa, Dar na Kampala. Mombasa ndiko kwetu, mdomo ninao, lakini injini sizijui. Nauza ninachoambiwa niuze. Yeye alikuwa na tabia ya kukataa. Arbab, yaani tajiri wetu, alimtukana kila alipokataa, na kila mara alimvumilia, kwa sababu soko lote la Lagos lilikuwa linapita kooni mwa mtu yule.

Halafu mambo ya visa yakabadilika. Hakuna aliyetutangazia. Serikali ya kwao na ya hapa zilikuwa zimenuniana kwa muda, kisha zikapeana mikono kwenye televisheni, tukadhani yamekwisha. Kwenye ofisi za taiping, wanakojaziwa watu maombi ya visa, hali ilikuwa nyingine kabisa. Maombi ya watu wa kwao yalirudi yamekataliwa, bila sababu, na karani akiulizwa alitazama pembeni. Mkataba wa mwenzangu ulikuwa ukingoni. Asipopata visa mpya angerudi Lagos, na Lagos hakuwa na duka wala gereji wala chochote, ila watu waliomwamini kwa kuwa yuko Dubai.

"Dada, leo wamefunga, kesho watafungua," aliniambia. "Arbab atanishikia nafasi yangu."

"Arbab huyu? Huyu hata kiti hakushikii."

Alicheka. Nilimchukia kwa kicheko kile. Mtu anazama, unampigia kelele kwamba anazama, naye anakusifia maji.

Wazo la kurekodi lilikuwa la arbab. Alimwita ofisini akamkaribisha chai, jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa kwa mfanyakazi, akamwambia kwa upole kwamba visa itapatikana, inshallah, ila wateja wasije wakakatika katikati. Arekodi maneno machache tu, yale yale anayoyasema kila siku. Mteja akiuliza, yadi itamjibu kwa sauti yake, na siku akirudi atakuta soko lake linamngoja. Mimi nikapewa simu nirekodi.

"Niseme ya injini gani, sir?" akauliza. "Leo sijasikiliza hata moja."

"Yoyote. Yalla, ongea."

Nilidhani atakataa, maana kukataa ndiko kulikomfanya awe mtu pale. Moyoni nikawa namwambia, kataa basi, kataa hii moja tu. Akasafisha koo, akasema kwa kipijini, Kiingereza cha mitaani kwao: bosi wangu, nimeiwasha baridi asubuhi hii, nimeisikia kwa masikio yangu, ni safi, tuma pesa. Arbab akataka aseme tena, sasa kwa furaha kidogo. Akasema tena. Akasema ya gari dogo, ya pikapu na ya basi. Akawatakia wateja Krismasi njema, akawatakia na Idi njema. Mwishoni alikuwa ameshanogewa, ananiambia hii turudie, dada, hii haikutoka vizuri.

Aliondoka kabla mkataba haujaisha, asije akatozwa faini ya kuzidisha siku. Ovaroli yake aliiacha kwenye msumari nyuma ya mlango, akasema ataikuta. Jioni ile ile ilikuwa mwilini mwa mpakiaji mmoja, ikiburuta chini kwa ufupi wa mvaaji.

Sauti ilifanya kazi. Ilifanya kazi kumshinda mwenyewe, kwa kuwa yenyewe haikujua kukataa. Injini ambazo angezipita bila hata kusimama, sasa alikuwa anazisifia. Zile zilizokuwa zikipigwa na jua tangu nilipoanza kazi zilioshwa, zikapakiwa, zikasafiri na neno lake. Mimi ndiye niliyekuwa nikibonyeza kuituma. Arbab alifurahi akaninunulia shawarma, nami nikaila, kwa sababu visa yangu iko mkononi mwake na njaa ilikuwa yangu.

Mzigo ulipofika Lagos wateja walikwenda kwa mama yake kulalamika. Waliotarajia kumkuta mama walimkuta mwenyewe, amekaa sebuleni na kaptura, yeye aliyewaambia asubuhi ile ile kwamba yuko yadini na injini iko mbele yake. Alinipigia papo hapo, simu yake ikiwa kwenye spika ili wasikie. Nyuma yake nilisikia wanaume wakifoka, na mwanamke mtu mzima akilia.

"Dada, waambie! Waambie si mimi, ni yadi!"

Kabla sijafungua mdomo arbab alininyang'anya simu, akaiweka kwenye spika.

"Sauti ni ya nani?" akamuuliza. Aliuliza polepole, kama anamuuliza mtoto.

Yule mwanamke alikuwa bado analia.

"Nakuuliza, sauti ni ya nani?"

"Ni yangu, sir."

"Khalas," akasema arbab, akakata.

Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira. Nililia zaidi kwa ajili ya lile neno "sir" kuliko kwa lolote lingine. Niliporudi, arbab alikuwa ananiuliza bei za Kampala.

Lagos hawakununua tena kwetu, na yeye huko hakuna aliyempa hata bolti amuuzie. Nilijua kwa sababu alikuwa akiniandikia. Kisha siku moja sauti zikaanza kuingia kwenye simu ya ofisi, moja baada ya nyingine, hazikuombwa na mtu. Bosi wangu, nimeiwasha baridi. Zilikuwa mpya, amezitamka vizuri kuliko zile za kwanza, na kila moja ilikuwa na mngurumo nyuma yake, ili ionekane kweli. Injini hakuwa nayo. Alikuwa amewasha jenereta la jirani.

Ya mwisho ilikuwa yangu. "Dada, msikilizishe arbab. Mwambie wanunuzi wa Kano na Onitsha, huku huku Nigeria, bado hawanijui, hizi anaweza kuzitumia huko. Na lile suala la visa, mkumbushe kwa adabu."

Nilimwekea arbab ile ya kwanza. Alisikiliza mpaka katikati, akakunja uso.

"Hiyo injini mbovu," akasema. "Futa, simu inajaa."