Shemeji Yangu Alihamisha Hereni, Picha Ikawa Yake

Admin, jina langu lisionekane. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, ninaishi Lubumbashi na ni mwandishi wa habari wa redio. Nimesoma habari mbaya nyingi kwa sauti ileile, bila kutetemeka. Hii imenishinda, kwa sababu imekaa mezani kwangu inakula bukari, ugali wetu.

Nje ya redio ninaratibu kikundi cha wachoraji wa kujitolea. Tunachora picha huria, yaani picha ambazo shule, zahanati au mtu yeyote anaweza kuzichukua bure mtandaoni, akazibadilisha na kuzitumia, mradi amtaje mchoraji. Hakuna anayelipwa. Mchoraji hupata jina lake chini ya picha, basi.

Tuna utaratibu wetu. Mmoja akimaliza picha, mwenzake huipitia na kurekebisha kasoro. Aliyerekebisha mwisho ndiye anayeiweka kwenye tovuti, na jina lake ndilo linaloonekana, ili watu wajue wa kumuuliza. Jina la mchoraji wa kwanza linabaki kwenye historia ya picha, ambayo iko wazi kwa wote, ila watu hawaifungui. Tulikubaliana hivyo kwa sababu tulikuwa tunaaminiana.

Mchoraji wetu bora ni Mado, binti wa mtaa wa Hewa Bora anayeandika vibao vya maduka. Anayepitia picha zake ni Fiston, mdogo wake mume wangu. Anaishi kwangu. Mimi ndiye niliyemwingiza kikundini.

Mwaka huu nilikwenda Annexe, pembezoni mwa mji, kuripoti habari za zahanati moja. Ukutani nikaona picha yetu ya mama anayechemsha maji ya mtoto. Nilikuwa nimemwona Mado akiichora: mama amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, linawaka. Sasa mbabula haikuwepo. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi lenye sehemu nne za moto, na wamama waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanacheka.

"Huyu anapikia kwa bazungu," mmoja akasema kwa Kiswahili cha kwetu, kinachogeuza wazungu kuwa bazungu. "Siye hata courant ya umeme haiko, gaz tutaipata wapi?"

"Pengine moto ya mbabula haiue microbes za maji," mwenzake akajibu, wakacheka tena.

Nikamuuliza muuguzi kama wamama wanachemsha maji. Akasema wengi wanadhani hilo ni jambo la watu wenye gesi.

Nilirudi nyumbani nikafungua historia ya picha zote za Mado. Kila moja, mkono wa mwisho ulikuwa wa Fiston. Hapa amehamisha hereni kidogo. Pale amegeuza kitenge cha kijani kuwa cha bluu. Kwingine ameongeza kifungo kwenye shati. Kasoro haikuwepo hata moja. Alihitaji tu kugusa kitu ili jina liwe lake, na kwenye ile ya zahanati hakupata cha kugusa, akaondoa mbabula.

Siku chache baadaye Mado alikuja kwangu. Atelier moja ya uchoraji mjini ilitaka kumwajiri, akawaonyesha picha zake. Wakatazama tovuti, wakaona jina la Fiston, na historia hawakuifungua.

"Yaya, dada yangu, baliniita mwizi," akaniambia. Hakulia. "Mwizi wa bintu byangu mwenyewe. Balisema nirudie tu ku bibao byangu."

Nilimngoja Fiston arudi. Alinawa, akakaa, akajipakulia. Nikamwuliza kwa nini aliondoa mbabula.

"Shemeji, mbabula iko ya zamani. Bantu ba inje hawaipende."

"Na hereni?"

Akacheka, tonge mkononi. "Si tulisema picha iko libre, huria? Kama dessin iko libre, haiko na baba wala mama. Mado anapenda jina? Aende achore ingine."

"Wamemwita mwizi, Fiston."

"Basi ashukuru. Sasa bantu banamujua."

Halafu akaomba nimwongezee sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilimwongezea. Tangu siku ile, nikimwona analamba vidole, nasukuma sahani yangu pembeni. Ameosha mikono mara ngapi kwenye beseni langu, na bado naiona michafu.

Jumamosi hii kuna mkutano mkubwa wa wachoraji huria katika ukumbi mmoja mjini. Fiston atatambulishwa kama mchoraji aliyechangia kuliko wote, na atapewa kuongoza wachoraji wa kikundi, mimi nikibaki mratibu. Wale wa atelier wamealikwa. Anayepaswa kupanda jukwaani na kumtambulisha ni mimi, mratibu, na nyuma yangu patakuwa na skrini kubwa ya kuonyesha picha. Nikibonyeza mara moja, historia itafunguka na ukumbi wote utaona jina la Mado.

Nilimwambia mume wangu.

"Ule iko mutoto wa mama yangu," akasema. "Utamuletea aibu mbele ya bantu yote? Hii mambo tuimalizie ku nyumba."

Nikamwuliza tuimalizie vipi, na Fiston anakataa kumrudishia Mado hata picha moja. Akasema nitafute maneno mazuri, maneno ndiyo kazi yangu. Mama mkwe naye amepiga simu. Anasema nikimwaibisha mwanawe nisikanyage tena kwake, na watoto wangu hupitisha likizo zote kule.

Maneno mazuri ninayo. Ninaweza kumsifu Fiston kwa dakika tano na hakuna atakayesikia sauti yangu ikibadilika. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi, kuliko vidole vyake.

Mado ameniuliza jambo moja tu: kama aje Jumamosi au abaki nyumbani. Bado sijamjibu. Ninyi mnaosoma hapa, nimwambie nini?