Mtungi Uliokokotolewa Bila Maji

Ersilia Pezzotta hakuwa mtu wa kupendeka kirahisi. Alikula mezani pake huku akisoma, makombo yakidondokea michoro niliyomchorea pale karakanani, na ukimwuliza jambo la kijinga alikutazama mpaka ujijibu mwenyewe. Lakini hapa katika bonde la Seriana, kaskazini mwa Italia, ambako karibu kila familia ina mtu anayechomelea mitungi ya shinikizo, yale matangi ya chuma ya hewa na gesi iliyoshindiliwa, hakuna aliyejua kuwaza mabaya kama yeye.

Na ndiyo kazi aliyolipwa. Kompyuta hukokotoa kama chuma kitahimili, ila haina akili ya kuuliza kitabeba nini. Lazima mtu aiambie. Ersilia ndiye aliyechagua mizigo: shinikizo la juu kabisa, upepo wa mlimani, tetemeko la ardhi, mtungi ukining'inia kwenye kreni. Alifumba macho akauona mtungi ukiishi mpaka uchakae, akaokota siku zake mbaya kuliko zote.

"Siku nzuri hazinihusu," alisema.

Mzee mwenye karakana yetu alipochoka akamkabidhi ofisi mkwewe, Tiziano Bonfanti. Naye alikuwa injinia, amesoma chuo kilekile alichosoma Ersilia, kwa hiyo asisingizie ujinga. Alinukia manukato tangu mlangoni, na alikuwa na tabia iliyoniudhi: aliipitia mizigo ya Ersilia kama mtu anayechambua mchele, akitupa ule unaofanya chuma kiwe kinene na ghali.

Kiwanda kimoja cha nguo bondeni kiliagiza mtungi mrefu wa hewa ya kuendeshea mashine za kufumia, wa kusimama kwa miguu minne. Hewa haina uzito wa maana. Lakini Ersilia aliandika pia mzigo huu: mtungi umesimama, umejaa maji pomoni.

Tiziano akacheka. "Maji? Maji tunajaza hapa, siku ya kuupima kama unavuja, na hapa tunaulaza, miguu haibebi kitu. Tangu enzi za babu tunaulaza."

"Mnaulaza kwa sababu paa letu liko chini. Kule kiwandani paa liko juu."

"Kule ni hewa tu, signora! Au unataka wafuge samaki?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Karakana yetu imepima mitungi ikiwa imelala kwa muda mrefu hivi kwamba hakuna tena anayeweza kuyawaza maji ndani ya mtungi uliosimama. Ersilia alikataa kutia sahihi. Tiziano akaufuta mzigo ule, akatia sahihi yake, na miguu ikatoka myembamba.

Mwaka uliofuata Ersilia akastaafu. Hawakumwandalia hata glasi ya divai.

Kisha kile kiwanda kikaongeza bomba kwenye mtungi. Ukikata mtungi ukauchomelea upya, sharti uupime tena kwa maji. Nao sasa ulikuwa umezungukwa na mashine pande zote, haulaziki. Gualtiero, mkuu wa mafundi wao, alipiga simu karakanani kuuliza kama aujaze ukiwa umesimama.

Jumapili ile nilikuwa kwa Ersilia, tumetoka misa, tunakula sungura na polenta, ugali wetu wa mahindi. Tiziano akaja na boksi la keki, akitabasamu kama mchumba.

"Ersilia mpenzi, nina kaombi kadogo. Gualtiero anakuamini wewe kuliko sisi wote. Mpigie tu, mwambie miguu ni mizima, ajaze."

"Umeikokotoa?"

"Ersilia..."

"Nimekuuliza. Umeikokotoa na maji?"

Akaanza kuchezea utepe wa boksi. "Jana."

"Ikasemaje?"

"Haijapita. Lakini unajua chuma, kina akiba zake. Ni maji ya saa moja tu! Nikimwambia asijaze, itabidi nieleze kwa nini, na baba mkwe ataniua."

Kumbe alijua. Nilidhani nimekaa na mpumbavu, kumbe nimekaa na mtu aliyeziona hesabu, akaoga, akajipaka manukato, akapitia dukani kununua keki.

Ersilia hakupaza sauti. "Maji yakishajaa, nani anaingia chini kuangalia kama panavuja?"

"Gualtiero, nadhani."

"Basi kaingie wewe. Ukikubali kujikunyata chini ya miguu yako minne mpaka saa iishe, nampigia sasa hivi."

Tiziano alitutazama kwa zamu, kwa mshangao wa kweli kabisa, kana kwamba ameombwa jambo la aibu.

"Mimi nina watoto, Ersilia."

Alilitamka bila kupepesa. Gualtiero ana wasichana watatu, na huyu bwana alikuwa msimamizi wa ubatizo wa yule mdogo.

Ersilia alinyanyuka akapiga simu mbele yake. "Gualtiero? Ersilia hapa. Usitie hata ndoo moja. Miguu haitabeba. Ndiyo, Tiziano alijua. Ndiyo, yuko hapa kwangu."

Tiziano akashusha pumzi. Nilidhani sasa ataondoka, au atalia, au walau ataomba radhi. Akavuta kiti, akafungua boksi, akachagua keki yenye krimu.

"Angalau limekwisha," akasema huku akitafuna. "Kahawa bado ipo?"

Nilichukua birika nikaimwaga kahawa yote kwenye sinki.