Neno Refu la Nyanya

Karatasi iliyokaa juu ya meko ina harufu yake, ya moshi na masizi, na hadi leo nikiinusa hutoka nje. Kwetu, karibu na Githongo, karatasi zote za maana zilifungwa kwenye nailoni zikaning'inizwa juu ya moto, panya wasizifikie.

Nilikuwa darasa la sita na, msinicheke, nilikuwa na maringo. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha kwamba neno refu ni muwa: hulimezi zima, unalikata pingili pingili. Basi nilikata kila kitu, hata maandishi ya mifuko ya mbolea.

Siku moja Nyanya, aliyenilea, alirudi kutoka hospitali na barua, miguu imevimba. Yeye alikuwa mtu wa Kimeru tupu, na Mama Kiingereza kilimpiga chenga. Majirani wakajaa jikoni.

"Haya mwalimu," Nyanya akanitania, "nisomee huyu mgeni aliyeingia mwilini mwangu."

Nikaliona neno lenyewe, jamani! Nikachukua penseli nikalikata: glo-me-ru-lo-ne-frai-tis. Mara ya kwanza nilijikwaa, ya pili nikalitiririsha kwa pumzi moja. Wakapiga makofi. "Ala! Hata Meru imo ndani," jirani mmoja akasema, tukacheka mpaka Nyanya akajifuta machozi. Alinipa ndizi iliyoiva kuliko zote, akaitia barua kwenye nailoni juu ya meko. Wiki nzima, kila mgeni alipofika niliitwa nilitamke tena. Hakuna aliyeuliza maana yake, na mimi sikujua kuwa ni ugonjwa wa figo.

Kahawa ikaiva, tukachuma. Nyanya akavimba hadi uso. Tulipomrudisha hospitali alikaa siku nne tu, akatuacha.

Baada ya mazishi Mama alinituma niishushe ile nailoni, chifu alitaka kitambulisho cha marehemu. Nikaifungua barua. Chini ya neno langu, kwa kalamu ya buluu, palikuwa na mstari mdogo: arudi baada ya wiki mbili, asikose. Ulikuwa Kiingereza chepesi, cha darasa la tatu.

Na siku ile ya kwanza niliuona. Hilo sijawahi kumwambia Mama, nawaambia ninyi. Niliuona nikauruka, kwa sababu nani angenipigia makofi kwa kusoma "wiki mbili"?